Nyayo, Shingo na Nafsi: Taamuli ya Kutembea katika Al-Inkishafi na Nagona

Ikisiri

Uhakiki wa riwaya ya Nagona (1990) umezoea kuitafutia asili safari ya mhusika wake katika falsafa ya Ulaya. Makala haya yanaisoma safari hiyo sambamba na ziara ya magofu ya Pate katika Al-Inkishafi. Yanadai kwamba katika kazi zote mbili mtu hutembea ili ajione, lakini kile anachokiona hutegemea nafsi ya kisarufi inayobebwa na kitenzi cha mwendo. Utenzi humtuma moyo kwa nafsi ya pili. Riwaya humwacha msimulizi katika nafsi ya kwanza pasipo mtu wa kumtuma. Badiliko hilo lina tija, na lina gharama ambayo wahakiki hawajaihesabu ipasavyo.

Nafsi ipi?

Desturi ya kutembea polepole huku akili ikifuata nyayo ni kongwe. Kwa Kipali huitwa caṅkama, na mafundisho ya kale ya Kibudha kuhusu uzingativu humtaka anayetembea ajue kwamba anatembea, kama vile aliyeketi anavyotakiwa ajue kwamba ameketi. Katika mahekalu ya Zen ya Japani hufanywa baina ya vipindi vya kuketi, nayo huitwa kinhin. Mtawa wa Vietnam, Thich Nhat Hanh (1926–2022), aliyeanzisha makazi ya Plum Village huko Ufaransa mwaka 1982, aliifundisha kwa watu wasio watawa na hata wasio Wabudha. Ilipokuwa ikienea Magharibi, desturi hiyo ilitwikwa ahadi mpya, kwamba mwenye kutembea hivyo ataifikia nafsi yake ya kweli na kuweza kuieleza. Ahadi hiyo inakaribiana zaidi na Rousseau kuliko na caṅkama. Ni Rousseau ambaye matembezi yake kumi ya upweke, yaliyochapishwa mwaka 1782 baada ya kifo chake, yaliufanya mwendo wa miguu kuwa njia ya mtu kujirudia mwenyewe, mbali na macho ya watu. Mafundisho ya Kibudha hayakiri kuwapo kwa nafsi ya kudumu. Anayeangalia mguu ukiinuka, ukisogea na kutua hufanya hivyo ili atambue kuwa nyuma ya mwendo huo hakuna bwana aliyejificha. Hata pale Zen inapozungumza juu ya nafsi ya kweli, huifungamanisha na kujisahau, wala si na kujieleza.

Mkinzano huu unauhusu uhakiki wa Kiswahili kwa sababu lugha yenyewe humlazimisha msemaji kuchagua upande. Anayetaka kuyatoa maelekezo ya taamuli ya kutembea kwa Kiswahili atasema "nainua mguu", "unainua mguu", au "mguu unainuka"? Katika kauli ya kwanza mwenye mguu yupo na ndiye mtendaji. Katika ya pili yupo pia mwingine, anayemtazama na kumwambia. Katika ya tatu, kwa kugeuza inua kuwa inuka, mtu ameondoka katika sentensi na mguu umebaki peke yake. Hakuna kiambishi kisichoegemea popote. Nayo istilahi ya kisarufi ya jambo hili ni nafsi: nafsi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Neno moja lenye asili ya Kiarabu limebeba mtu wa ndani na kiambishi cha kitenzi, na wanafunzi wa isimu na fasihi hulitumia kwa maana zote mbili siku hiyohiyo bila kushtuka.

Vitenzi vya mwendo navyo vimejaa hukumu. Kutokana na enda limepatikana enenda, na kutokana na hilo mwenendo, yaani tabia ya mtu mbele ya wenzake. Mtu akiambiwa kuwa mwenendo wake si mzuri, hakuna anayedhani kuwa anachechemea. Kwa hiyo msikilizaji wa Kiswahili anaijua jozi ya kutembea na kuwa kabla ya kufundishwa taamuli yoyote, na anaijua kama jambo la hadhara. Mtu huonwa akienda. Dhana ya kwamba mwendo ni faragha, ambamo nafsi iliyositirika hujitokeza kwa sababu hakuna anayetazama, inaingia katika lugha hii ikiwa ngeni kidogo.

Pate: moyo unatumwa

Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19, umewafikia wasomaji wengi kupitia toleo la Hichens (1939) na, katika Tanzania, kupitia Tenzi Tatu za Kale la Mulokozi (1999). Kwa kawaida husomwa kama mawaidha juu ya upuuzi wa dunia, au kama maombolezo ya mji uliowahi kutajirika kwa biashara ya bahari kisha ukaanguka. Usomaji huo ni sahihi. Hata hivyo, unapita haraka juu ya jambo ambalo jina la utenzi linalitangaza, kwa kuwa inkishafi ni kufunuka, kuondokewa na pazia. Linalofunuka ni nini, na linafunuka kwa tendo gani?

Baada ya kumhimidi Mungu na kumsalia Mtume, mtunzi anaugeukia moyo wake. Anauuliza kwa nini, ilhali unadai kuwa mwerevu, unaendelea kuziandama njia za dunia zilizotatana. Tangu hapo, basi, moyo unatembea tayari. Hauketi mahali ukingoja kuamshwa. Uko njiani, na njia ni mbaya. Mtunzi hauombi usimame. Anaubadilishia njia.

Kabla ya kuubadilishia, anauonyesha watembeaji wengine. Katika beti za matajiri waliong'aa kama jua, maarufu zaidi ni ile inayoeleza jinsi walivyokwenda. Walirusha mikono, waliinua shingo, na walikuwa na safu za watu mbele na nyuma. Mtunzi angeweza kuanza na mali, nayo haikosi, kwani nyumba zinazong'aa kwa taa na vitanda vya fahari vinafuata. Lakini kiburi kinaanza katika viungo. Shingo iliyonyooka ni mwenendo kwa maana zote mbili. Ndivyo walivyotembea na ndivyo walivyokuwa, na mji mzima uliona. Ikiwa kuna kujieleza kwa nafsi katika utenzi huu, ni huku. Hawa ndio watu waliojieleza barabara kwa mwendo wao, nao ndio waliokosea.

Kisha kifo kinawachukua, kaburi linawafinya, na nyumba zao zinabaki. Makinda ya popo yananing'inia juu, utando umetandaa, bundi anakoroma, katika vidaka vilivyopangwa sahani wamelala wana wa ndege, mende wanavuma ndani, nyenje wanalia kumbini, viwanja vimekuwa mwitu, milango ya ndani inatisha kwa kiza. Orodha hii imesifiwa mara nyingi kwa taswira zake, na inastahili. Lakini ubeti unaoifunga ndio unaobadilisha aina ya maandishi haya. Mtunzi anauambia moyo kwamba kama hausadiki na unadhani kuwa haya ni uongo, basi uende kwenye nyumba zao, upinde shingo uchungulie, uite. Hautaitikiwa ila na mwangwi. Sauti ya mtu imekoma.

Neno shingo limerudi. Katika ubeti wa fahari ilikuwa shingo ya tajiri, imeinuliwa ili ionwe. Katika ubeti wa magofu ni shingo ya mgeni, imepindwa ili ione. Kiungo ni kilekile, na kati ya matumizi hayo mawili umepita mji mzima. Hapa ndipo inkishafi inapotendeka: moyo unauacha mwendo wa kuonwa na kushika mwendo wa kuona. Haujieleze. Unaita, na kinachorudi ni sauti yake wenyewe, bila mtu ndani yake. Ni vigumu kupata katika fasihi ya Kiswahili jibu kali zaidi kwa anayetaka kwenda mahali patulivu ili aisikie nafsi yake. Ataisikia, na itakuwa mwangwi katika nyumba ya mtu aliyekufa.

Ubeti huo si wa kubuniwa kutoka hewani. Mtunzi alitoka katika ukoo wa Sheikh Abubakar bin Salim wa Hadhramaut, miongoni mwa masharifu walioithamini mno Ihya ya Al-Ghazali, kitabu kinachohitimisha sehemu zake arobaini kwa sehemu juu ya tafakuri na sehemu juu ya kukumbuka mauti, zikifuatana. Katika mazingira hayo kuzuru makaburi ni tendo la miguu lenye shabaha ya moyo. Mtu huenda, huona, hukumbuka. Utenzi umeipeleka ziara majumbani, kwa kuwa nyumba za Pate zilikuwa zimekwisha kuwa makaburi. (Leo neno ziara limeangukia mikononi mwa maafisa wa itifaki, na ni mawaziri ndio wafanyao ziara, wakiwa na safu za watu mbele na nyuma. Sayyid Abdallah asingehitaji kuelezwa.) Katika mapokeo hayo nafsi si hazina inayongoja kuelezwa, ni mnyama wa kufugwa. Kulitafsiri jina la utenzi kwa namna inayodokeza mtu anayejigundua ni kuugeuza kichwa chini.

Uzito wote wa ubeti huo unategemea nafsi ya pili. Mtunzi hasemi kuwa alikwenda akaona. Angesema hivyo, tungepata kumbukumbu za msafiri mwenye huzuni nzuri, na msomaji angempa pole. Anasema enda. Amri hiyo inaelekezwa kwa moyo wake mwenyewe, lakini msomaji hana pa kuikwepa, kwa sababu kila anayeusoma utenzi kwa sauti anaitamka amri kwa moyo wake. Mtu amegawanyika kuwa anayetuma na anayetumwa, na mgawanyiko huo ndio unaowezesha tafakuri. Wahakiki wanaoutafutia mwendo huu sauti katika arudhi, yaani mistari ya mizani kumi inayokatika baada ya ya sita na kina cha mwisho kinachorudi kila ubeti, wana kitu cha kusikiliza, lakini wasisikilize kupita kiasi. Bahari hiyo haikubuniwa kwa ajili ya magofu. Kinachotembea katika utenzi huu ni sarufi.

Nagona: mwendo usio na mtumaji

Karne mbili hivi baadaye, msimulizi wa Nagona naye anatembea peke yake kuelekea mahali palipokufa sauti. Euphrase Kezilahabi (1944–2020) alikwisha kuandika riwaya nne za uhalisia, kuanzia Rosa Mistika (1971) hadi Gamba la Nyoka (1979), kabla ya kuvichapisha vitabu viwili vyembamba, Nagona (1990) na Mzingile (1991), vilivyowashangaza wasomaji wake. Uhakiki uliofuata, ukiwemo wa Garnier, Rettová, Khamis na Diegner, umeshughulikia kwa kina falsafa ya kazi hizo, mwingilianomatini wake na umbo lake jipya. Nietzsche na Heidegger wametajwa sana, na kwa haki, kwa kuwa tasnifu ya Kezilahabi ya mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin haifichi madeni yake. Jambo ambalo halijapewa nafasi ya kutosha ni kwamba hatua za kwanza za msimulizi, kabla ya wanafalsafa wowote kutajwa, ni hatua ambazo msomaji wa Al-Inkishafi anazitambua: njia ya mtu mmoja, mji wa ukimya, mgeni anayechungulia, na hofu ya kutojibiwa.

Hii haina maana kwamba Kezilahabi aliiga. Yapo matembezi mengine aliyoyajua kwa karibu zaidi. Alisoma seminari ya Nyegezi, na kila Mkatoliki wa Ziwa Viktoria anaijua Njia ya Msalaba, ambamo waumini husogea kutoka kituo hadi kituo, vyote 14, wakisimama na kutafakari kila mahali. Hiyo ndiyo taamuli ya kutembea iliyoenea kuliko zote miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili walio Wakatoliki, ingawa hakuna anayeiita hivyo. Sala zake husemwa kwa wingi, katika nafsi ya kwanza ya "sisi", na nyayo zinazofuatwa ni za mwingine. Padre, maungamo na tumaini la mwokozi wa pili, vyote vikiwemo katika Nagona, vinaonyesha kuwa kumbukumbu hiyo haiko mbali. Msimulizi wa Nagona ameikosa "sisi" ya Njia ya Msalaba, na ameikosa pia "wewe" ya Pate. Amebaki na ni-.

Kiambishi hicho ni chepesi. Kiswahili hakimhitaji msimulizi aseme "mimi"; ni- inatosha, na katika masimulizi huambatana na -ka- ya mfuatano: nikaenda, nikafika, nikatazama. Hakuna umbo la kisarufi linalofanana na hatua kuliko hili. Kila kitenzi kinaegemea kilichotangulia na hakina wakati wake chenyewe, na ni- inazaliwa upya mwanzoni mwa kila kimoja. Msomaji akiuliza ni nani anayetembea, masimulizi hayana jibu zaidi ya jumla ya vitenzi hivyo. Msimulizi hana jina. Katika tasnifu yake Kezilahabi aliupinga uigaji, yaani dhana ya sanaa kama kioo kinachowakilisha kitu kilichopo tayari mahali pengine. Pingamizi hiyo ikichukuliwa kwa uzito, haiwezekani kusema kuwa mwendo katika Nagona unaieleza nafsi ya kweli ya mhusika, kwa sababu kueleza kunadai kuwapo kwa kitu kabla ya maelezo. Hapa hakuna kilichotangulia. Kuna nyayo, na nafsi ni alama zinazobaki nyuma yake. Kwa njia isiyotarajiwa riwaya inakaribiana na mtawa anayeangalia mguu ukiinuka kuliko na Rousseau, ingawa si lazima kudai kwamba mwandishi alikuwa amesoma lolote la Kibudha.

Jina lenyewe la riwaya linadokeza hivyo. Nagona ni kile kinachowindwa, paa anayeonekana na kutoweka, na kila anayemfukuza humkosa. Sikio la Kiswahili hushindwa kutosikia ndani yake naona, likiwa na konsonanti moja iliyosimama katikati kama kikwazo. Kuona kupo, na kuna kitu kimekaa njiani. Msomaji anaruhusiwa kuutilia shaka mchezo huo wa sauti. Hata hivyo, unaafikiana na riwaya ambamo kuona kunaahidiwa kila mara na kucheleweshwa kila mara.

Gharama ya kuiacha nafsi ya pili inaonekana pale mazungumzo yanapoanza. Katika Al-Inkishafi anayetembea anaaibishwa. Kuna anayejua kuwa ndani yake ana shingo ya tajiri. Msimulizi wa Nagona haaibishwi na mtu. Anakutana na hekima ya ulimwengu, ya vitabu na ya wazee, anaulizwa mafumbo na kujibiwa kwa mafumbo, lakini hakuna anayemwambia kuwa yeye, kwa mwenendo wake, ni sehemu ya mji uliokufa. Kwa sababu hiyo kurasa za mijadala ya kifalsafa, ambazo uhakiki umezishughulikia zaidi, ndizo dhaifu. Hatua zinasimama ili mawazo yaelezwe, na mawazo yakishaelezwa msomaji anatamani msimulizi aondoke aendelee na njia. Pale anapotembea bila kufafanuliwa, katika ukimya wa kurasa za mwanzo, riwaya ina nguvu isiyopatikana kwingine katika nathari ya Kiswahili ya kipindi hicho. Mhakiki anayeipima kwa wingi wa wanafalsafa waliomo anapima kitu kisicho na uzito mkubwa.

Mzingile inazidisha tatizo kwa ujasiri. Jina linarejesha zile njia zilizotatana ambazo mtunzi wa Pate aliulaumu moyo kwa kuziandama. Tofauti ni kwamba Sayyid Abdallah alijua njia iliyonyooka iko wapi, na mzingile wa Kezilahabi hauna mahali pa nje ambapo mtu anaweza kusimama na kumwambia mwingine enda. Baada ya maangamizi makubwa yanayoikumba dunia ya riwaya hiyo, magofu si ya matajiri wa mji mmoja waliojisahau. Ni ya wote, na hivyo si onyo kwa yeyote. Mwangwi unahitaji kuta.

Inabaki ngoma kuu ya Nagona. Wapo walioisoma kama ushindi wa maisha juu ya fikra, wapo walioiona kama ibada isiyo na mungu. Kwa hoja ya makala haya, la muhimu ni kwamba ngoma nayo ni kazi ya miguu. Mwendo uliokuwa wa mtu mmoja katika mstari unaingia katika duara, na nyayo zake zinachanganyika na za wengine hadi hazitambulikani. Al-Inkishafi hauna mlango wa namna hiyo. Baada ya magofu mtunzi anawataja wakubwa wa Pate waliotoweka na kuuliza wako wapi, kisha anaufungulia moyo milango ya Jahannam, mmoja baada ya mwingine, nao unaingizwa peke yake, ukiwa bado katika nafsi ya pili, ukiwa bado unaambiwa.